Punje ya Titani

Jumatatu asubuhi Balbina alikuwa uani kwao Viwanja Sitini, anapepeta mchele. Mama yake, Paskalina, alikuwa anapara perege, na redio ya betri imewekwa juu ya pipa la maji. Mtangazaji akamkaribisha mtafiti Fulgensi. Paskalina akaweka kisu chini, maana Fulgensi huyo alikuwa mchumba wa Balbina, na Jumapili ile ndiyo alikuwa analeta posa.

Fulgensi akaeleza kazi ya maabara yao. Wanatengeneza utando wa bismuthi, chuma na oksijeni, mwembamba kiasi kwamba ganda la kitunguu mbele yake ni gogo. Utando huo unaweza kukumbuka umeme na sumaku kwa pamoja. Shida ni kwamba ukiokwa, oksijeni hutoroka na kuacha mapengo, na umeme unavujia humo kama mpunga kwenye gunia lililotoboka.

"Nikagundua," akasema, "kwamba ukitia titani kidogo mno mahali pa chuma, mapengo yanapungua na uvujaji unatulia."

Amegundua yeye! Aliyegundua ni Balbina, mtafiti wa maabara hiyo hiyo, aliyekaa na tanuri la kuokea utando mpaka nyusi zikaungua, kisha akamweleza Fulgensi kwa maneno hayo hayo wakila chipsi sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilivaa koti jeupe.

"Umemsikia mkwe wangu?" Paskalina akauliza.

"Ile kazi ni yangu, Mama."

"Yako, yake, si mtakuwa nyumba moja?"

Hapo oksijeni ikamtoka Balbina kifuani, sehemu ndogo tu upande wa kushoto, ikaacha pengo. Hakuzimia. Alimaliza mchele, akaenda kuchukua pasi ambayo waya wake ulikatika tangu Kwaresima. Akashika ncha moja mkono huu, nyingine mkono ule, na pasi ikapata moto. Paskalina akanyoosha gauni lake la WAWATA, umoja wa akina mama wa kanisani, kola mpaka pindo.

"Haikuumi?"

"Umeme hauumi," Balbina akasema.

Alipopeleka lile pengo zahanati walimpima malaria, hawakuona kitu, wakampa panadoli. Majirani wakaanza kumwita: mwenye saluni, mwenye mashine ya kukoboa, hata jamaa mmoja wa Lupiro mwenye pampu. Penye waya uliokatika Balbina alishika, kazi ikaenda. Walimshukuru kwa mayai na kumpa pole ya uchovu.

Dawa aliijua mwenyewe. Pengo la namna ile halitaki mengi, linataka punje moja ya kitu sahihi. Akampigia Fulgensi simu.

"Sema kwamba ile kazi ni yangu. Mara moja tu, mbele ya watu."

"Jumapili, mpenzi. Mbele ya wazee wako wote. Nakuapia."

Akamwamini. Msimcheke, nanyi mmewahi kupenda.

Jumapili mvua ilipiga turubai tangu watu watoke misa. Kwa desturi mposaji hafungui mdomo. Msemaji ni mshenga, na mshenga alikuwa mzee Agapiti wa Kisawasawa, mtu wa maneno matamu. Lakini wageni walimtaka yule wa redioni. Agapiti akakaa, Fulgensi akapewa kipaza sauti, na spika ikawa kimya. Panya walikuwa wametafuna waya. Watu wakageukia mlango wa chumbani. Balbina akatoka na nguo zake za sherehe, akapiga magoti nyuma ya spika, akashika ncha mbili.

Sauti ya Fulgensi ikaingia mkono wa kulia, ikavuka pengo, ikatokea kushoto, ikasikika hadi barabarani. Kila neno lilimfikia Balbina kabla ya wageni. Utando ukapita, mapengo yakapita, titani ikapita. Alikuwa anasubiri.

"Na sikufika hapa peke yangu," Fulgensi akasema.

Balbina akainua uso.

"Namshukuru Balbina. Nilipochelewa maabara, ndiye aliyeniwekea chakula."

Vigelegele vikapigwa. Balbina akapima kifuani, pengo lilikuwa pale pale. Akaachia waya.

Fulgensi akabaki anachezesha midomo bila sauti, na mvua ikasikika vizuri. Paskalina akainuka. Hakugomba. Akaokota zile ncha kwenye tope, akazifuta kwa kanga yake mpya, akaziweka viganjani mwa binti yake, kisha akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Mwache mwenzio amalize, mwanangu," akasema. "Wageni wametoka mbali."

Spika ikaunguruma. Na kwa kuwa walioko nyuma walisema hawakusikia, Fulgensi akarudia tangu pale alipogundua.