Plagi ya Matundu Sita

"Nipe hiki," Safoora alisema, akikipima kisanduku cha pawasaplai mkononi kama anayechagua nazi. "Kizito. Vile vingine vyepesi kama makopo matupu."

Yadagiri, fundi mzee mwenye kibanda ghorofa ya pili ya soko la kompyuta la Hyderabad, alikichukua kisanduku, akafungua skrubu nne na kuinua kifuniko. Ndani, kando ya feni, palikuwa na bonge la saruji.

"Watengeneza bandia wanajua hapa sote tunanunua kwa kupima mkononi," alisema. "Wakatutengenezea uzito. Hiki nimekiweka cha kuwachekea kina dada wajanja."

Safoora aliona haya hadi masikioni. Asubuhi ile umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na pawasaplai ya kompyuta yake, kisanduku kinachoilisha umeme, ikatoa harufu ya kuungua. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kadi ya harusi aliyoichora kwa siku tisa, yenye majina ya ukoo mzima wa bwana harusi, pamoja na mashangazi wanaonuna wakisahauliwa. Kiwanda cha kuchapa kilikuwa kinaisubiri alasiri. Akichelewa, kazi za msimu wote wa harusi angepewa mchoraji mwingine, na msimu huo ndio unaomlisha yeye na mama yake mwaka mzima.

"Basi nipe nyingine, baba. Yoyote."

"Yoyote itakuunguzia hata kilichobaki. Iliyokufa iko wapi?"

Aliitoa kwenye mfuko wa mchele. Yadagiri akaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye plagi, akahesabu.

"Matundu sita. Kompyuta yako ilitoka ofisini, siyo? Hizi zangu zote zina ishirini na nne. Wati zinatosha, ila mdomo hauingii."

"Soko zima hakuna?"

"Ya kuagiza. Wiki moja."

Safoora aliukunja mfuko, akaukunjua, akaukunja tena. Yadagiri alimtazama. Kisha akaizima kompyuta yake mwenyewe, ile ya kuandikia risiti, akailaza ubavu na kuanza kuifungua pawasaplai yake.

"Baba, usi..."

"Nyamaza kwanza, nahesabu skrubu. Hii nayo ilistaafu ofisini, ni dada wa hiyo yako. Ya kuagiza ikifika, utanirudishia."

"Hunijui hata jina."

"Nitajie, basi. Niandike kwa kalamu, si nimeshakuwa karani."

Alimtajia.

Nyumbani, plagi iliingia kwa mlio mdogo. Feni ikazunguka, na kwa nyuma ukapeperuka unga mwekundu, ule ambao Yadagiri, kwa desturi ya Wahindu, hupaka zana zake kila mwaka siku ya kuziombea baraka. Ulitua mezani, kwenye vidole vyake, kwenye karatasi nyeupe. Kioo kikawaka. Kadi ilikuwepo, na mashangazi wote. Aliituma kiwandani kabla ya adhana ya alasiri.

Halafu akachukua kitambaa cha kufutia vumbi, akakaa nacho mkononi, akiutazama ule wekundu mezani, asiufute.