Lango Haliguswi

1.
TANGAZO KWA DARASA LA JIONI, ELEKTRONIKI
Transista zote za FET zimekufa, isipokuwa moja. Sababu ya vifo haijulikani. Hiyo moja ni ya kikuza sauti cha kwaya ya Mama Roda. Asiiguse mtu.
Mwl. Chilongani

2.
Mama Roda ni mimi. Nimeanza shule nikiwa na wajukuu. Mbele ya usharika wote nilisimama nikasema kikuza sauti kitapona kwa mkono wangu kabla ya tamasha la Jumapili. Mchungaji akasema amina.
Neno likishapata amina, utalirudishaje?

3.
Tulivyofundishwa:
FET ina miguu mitatu. Chanzo. Mfereji. Umeme hupita kati ya hiyo miwili. Wa tatu ni lango, lililotengwa na njia kwa utando mwembamba wa kioo. Lango likipewa volti kidogo, nguvu yake huvuka utando, njia inafunguka. Ndivyo sauti ndogo ya maikrofoni inavyoamuru umeme mkubwa wa spika.
Lango haligusi umeme ule.
Linaamuru tu.
(Nilitokwa na machozi. Mwalimu alidhani ni moshi wa kuchomelea.)

4.
Yaliyosikika bombani, wanafunzi wakinawa mikono:
— Yule mama ndiye anayeua transista.
— Anazipiga nyundo?
— Anaziombea.

5.
Kweli. Kabla ya kuifunga, kila moja naiwekea mikono. Kiganja juu yake, macho nimefumba, bila haraka. Natoka mazoezini moja kwa moja na joho la kwaya. La nailoni. Linapendeza.

6.
“Mama Roda, ukivua hilo joho linalia tatata?”
“Linalia, Mwalimu. Kiangazi hiki ndiyo zaidi.”
“Na ukishika kitasa?”
“Kinanipiga. Nilijua ni upako.”
Mwalimu akavuta kiti, akakaa.
“Mama, huo ni umeme wa nguo. Volti maelfu. Unatoboa ule utando wa lango.”
“Kwa hiyo zile zote—”
“Uliziombea, ukazizika.”

7.
NYONGEZA YA TANGAZO
Nguo za pamba tu. Bangili yenye waya wa ardhini, wa kumwaga umeme wa nguo, ivaliwe mkononi. Maombi yanaruhusiwa. Kuwekea mikono

hapana.

8.
Wewe unayesoma, umewahi kuombea kitu huku mikono umeifunga nyuma? Inawasha. Nimevaa kanga, nimefungwa waya mezani kama mbuzi. Transista ya mwisho nimeishika kwa koleo, nimeichomelea kimya. Kisha nikajisogeza mbali, hadi waya uliponiruhusu.
Sikugusa.

Niliomba hivyo hivyo, kwa
                    mbali.

9.
Swichi.

mmmmmmmmmm

“Imepona?” nikauliza.
“Inavuma,” akasema Mwalimu. “Labda imepona. Labda waya wa ardhini wa kikuza sauti umelegea. Sema kitu tusikie.”
“Maikrofoni inashikwa?”
“Maikrofoni shika, Mama.”
Nikaishika kwa mikono miwili. Nikavuta pumzi, nikasema

Ami