Godoro la Shangazi

Nilianguka kwenye pikipiki, daktari akanipiga picha ya shingo, akakuta kivimbe kwenye tezi, kidogo kama punje ya mtama.

"Tunavikuta kwa watu wengi," alisema. "Wengi huzeeka navyo bila kujua. Tutakitazama tena mwaka ujao. Nenda kashone nguo zako."

Kosa langu ni kumwambia shangazi Mwavita wa Goma. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kesho yake alivuka mpaka na godoro kichwani, nyuma yake shemeji yake na masufuria, wakaanza kunililia. Mimi niko kwenye cherehani nashona suruali ya watu, wao wanalia!

"Shangazi, mi si mugonjwa!"

"Nyamaza, mwanangu. Kama iko kadogo, walikaona namna gani?"

Uvumilivu ukaniisha. Nikamburuta mpaka kwa daktari aelezwe. Hakuamini, ikabidi naye apimwe shingo. Alikuwa na kivimbe pia, tena kikubwa kama harage.

"Hiki nacho hakina dalili mbaya," daktari akasema.

Tulipofika nyumbani, shangazi akakunja godoro.

"Unaenda wapi?"

"Bon, narudia Goma. Na usiambie mutu! Ndugu zetu unawajua. Watakuja kunililia."