Mji Unaojila Ndani ya Ini

Mwanvua anasinzia hivi hivi, amekaa mkekani, mgongo ukutani, wageni wa mwisho wa matanga wameondoka na mdogo wake Sikuzani yuko uani anaosha masufuria ya kuazima. Tangu wamzike mama yao hajatia kitu kinywani ila maji. Miezi yote ya ugonjwa yeye ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akamfuta, akamlisha kijiko kwa kijiko, na sasa kila akisogezewa sahani anaisukuma kando, kana kwamba kula ni kumsaliti. Kichwa kinainama. Ukuta unalegea kama unga uliotiwa maji, naye anaupita kinyumenyume, anajikuta njiani.

Njia ina mwanga wa chai ya maziwa, inapinda na kupinda, na kila akidhani amefika mwisho wake anaikuta inaanza upya. Pembeni kuna nyumba zenye kuta za kung'aa, na katika kila ukuta yumo mwanamke yule yule, macho yamemdidimia, anamtazama kama kutoka kiooni. Mtu anatembea kando yake. Hana macho wala mdomo, uso ni laini kama ganda la yai, lakini sauti inatoka. Hapa ni wapi? anauliza Mwanvua. Ni mahali unapopabeba kila uendako na hujawahi kufika. Ndugu yangu, nimechoka, niambie kwa lugha ya watu. Ini lako, anajibu yule mtu, na ndani ya ini ni seli moja tu, chembe isiyoonekana kwa macho, na nyingine zisizohesabika ziko katika hali hii hii.

Wanafika kwenye majiko yanayoupa mji nguvu. Moja limepasuka, linafuka moshi mchungu, na watu wasio na nyuso wamelizingira, wanalitandazia utando mwembamba kama ule wa maziwa yaliyochemka, wanaunganisha kingo mpaka jiko limefungwa lote, kisha wanalisukuma polepole hadi kwenye pipa la maji makali. Utando wa mzigo huo unagandana na ngozi ya pipa, vinakuwa kitu kimoja, na jiko linayeyuka humo ndani. Upande wa pili vinatoka vipande vidogo, safi. Vingine wanavijengea, vingine wanavitia motoni. Kazi hii tunaifanya siku zote, anasema yule mtu, kiongozi wake wa njiani, kilichochakaa kinalisha kizima. Ila sasa lango la mji halipitishi chakula, na vilivyochakaa vimekwisha.

Basi mbona bado wanafunga mizigo? Mwanvua anageuka na kuona jiko zima, linawaka vizuri, na mwanamke amekaa mbele yake akichochea, naye hana uso, lakini mikono yake imechoka kwa namna ambayo Mwanvua anaijua. Utando umeshafika nusu ya jiko. Dada, anasema yule mwanamke bila kuacha kuchochea, hili halina ubovu wowote. Acheni! anapiga kelele Mwanvua. Wanasimama, wanamwelekea. Tukiacha, tule nini? anauliza mmoja wao, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa.

Mwanvua anakaa chini, na utando, ambao haubagui, unampanda mabegani. Ni wa vuguvugu. Anafikiri, si vibaya kufungwa hivi, kuvunjwavunjwa, mtu mwingine ajengee vipande, nami nipumzike. Na nikitoka upande wa pili, anauliza kwa sauti ya usingizi, nitamkumbuka mama? Kiongozi anachuchumaa. Kipande hakikumbuki kilikuwa nini. Hata alivyokuwa akiniita? Hata hilo.

Hapo ndipo anapoanza kupigana. Anachana kwa kucha, utando unarudi, anachana tena, anatoka akiwa amelowa, anakimbia njia ile isiyoisha huku kuta zote zikikimbia naye, mpaka anafika langoni, na komeo liko upande huu wa ndani, ni zito, limekaza. Anasukuma kwa bega. Analia, anasukuma. Nyuma yake hakuna anayemsaidia, wote wana mizigo.

Dada. Dada Mwanvua, fumbua kinywa basi. Sikuzani amepiga magoti mkekani, bakuli la uji wa mtama mkononi, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Nimemzika mama, anasema, usinifanye nikuzike na wewe. Uji uko kidevuni, uko ulimini, una ndimu. Mwanvua anameza, na inauma. Bega lake linauma pia, na mahali fulani chini ya mbavu anasikia, au anadhani anasikia, watu wanaweka chini mizigo yao mmoja baada ya mwingine. Hajui kama amekaa hapa anakula, au bado amesimama kule anasukuma. Anashika mkono wa mdogo wake, pamoja na kijiko.

Niongeze, anasema.