Wali wa Kusubiri

Kila Jumamosi asubuhi mzee aliyejulikana mtaani kwa jina la Mkaguzi alikwenda dukani kununua mchele, na muuza duka, kila alipomwona anavuka barabara, alivuta stuli akaketi kabisa. Kilo tatu za mchele humchukua mnunuzi wa kawaida dakika mbili. Mkaguzi alitumia saa nzima. Alichota kiganja kutoka kila gunia, akakipulizia pumzi ya moto ya kooni, akafumba macho na kunusa. Kisha akateua punje moja, akaiuma kwa meno ya mbele huku ameinamisha kichwa asikie. Punje ikikatika kwa mlio mkavu, mchele ni wa zamani, umekaa ghalani mwaka au zaidi, nao utachambuka. Ikikatika kimya, mchele ni mpya, na mchele mpya hutoa uji na kushikana kama watu wanaoogopa mbwa.

"Mzee wangu, gunia ni lile lile la Jumamosi iliyopita," alisema muuza duka.

"Gunia ni lile lile, ila umelihamisha. Jumamosi iliyopita lilikuwa kando ya maharage. Leo liko kando ya sabuni. Unataka nile wali nitoe povu?"

"Basi chukua lile la pale."

"Lile la pale lina chenga. Mimi meno ninayo, sijaomba kutafuniwa."

Kuchagua alijua, na hilo hata mkewe hakulikana. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa ghala la nafaka. Alivaa koti jeupe na kushika bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia na kutolea punje za ndani, na hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumpitishia mchele mpya kwa jina la mchele wa zamani.

Kupika ilikuwa kazi ya mkewe, ambaye watu walimwita Bi Mkaguzi ingawa hakuwahi kukagua kitu. Aliumwaga mchele kwenye sinia akatoa mawe, akauosha mara tatu bila kuusugua, akauloweka nusu saa, akauchuja. Maji yalichemka kwanza, pamoja na chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Mchele uliingia baadaye na ukakorogwa mara moja tu. Maji yalipokauka hadi vishimo vikaonekana juu, alipunguza moto, akafunika kwa kitambaa safi na juu yake kifuniko. Mumewe, alipousimulia wali huo kwa kinyozi, alisema tunauosha, tunauloweka, tunaufunika.

Kufunua ndiko kulikokuwa kwake kweli. Ilikuwa sheria ya nyumba tangu walipooana: aliyechagua mchele ndiye anayefunua sufuria, kwa sababu mvuke wa kwanza hubeba nusu ya harufu, na harufu hiyo ndiyo inayomwambia mchaguzi kama alichagua vizuri. Hakuna mtu aliyekula kabla yeye hajafunua. Enzi za kazi sheria hiyo haikumdhuru yeyote. King'ora cha ghala kililia saa sita, na saa sita na robo Mkaguzi alikuwa mlangoni anavua viatu. Alipostaafu, king'ora kiliendelea kulia kwa ajili ya wengine. Yeye alikuwa kwa kinyozi, anaeleza.

Wali ulianza kurefuka mwezi wa pili wa kustaafu kwake. Akichelewa robo saa, punje zilifikia urefu wa kidole cha mwisho. Akichelewa nusu saa, kidole cha kati. Saa nzima, shibiri. Haukuvimba wala haukulainika. Ulikuwa mweupe, umechambuka vizuri, isipokuwa ni mrefu. Waliula kwa kuukunja. Binti yao, ambaye ni muuguzi na zamu yake ilianza saa nane mchana, aliukata wake kwa mkasi na hakutoa maoni, kwa sababu alikuwa na njaa.

Aliyegundua sababu ni Bi Mkaguzi. Alikuwa ameacha shule darasa la tano ili kaka yake aendelee, na sasa, akiwa na miaka hamsini na tisa, alikuwa mwaka wa tatu katika darasa la jioni la watu wazima. Mwalimu wa hisabati aliwataka wachore grafu ya jambo lolote la nyumbani. Kwa wiki sita Bi Mkaguzi aliandika dakika alizosubiri na urefu wa punje, na alipovitia vitone kwenye karatasi ya miraba, vyote vilikaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Mwalimu alimpa alama zote na kuandika chini kwa wino mwekundu: "Vizuri. Pole."

Akaipeleka karatasi kwa mumewe.

"Wali unarefuka kwa kusubiri," alimwambia. "Ukija saa sita na robo utakuwa wa kawaida, na sisi tutakula chakula kikiwa cha moto."

Mkaguzi alivaa miwani, akaufuata mstari kwa ukucha mpaka ukingo wa karatasi.

"Na nikichelewa saa mbili?"

"Baba watoto, sikuchora ili uchelewe."

"Nimeelewa. Nauliza tu. Mstari unaishia wapi?"

"Mstari hauishi. Karatasi ndiyo imeisha."

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati na kwenda nayo kwa kinyozi. Tangu wiki ile alichelewa kwa mpango. Alitembea na bahasha yenye punje zilizokaushwa, kila moja na tarehe yake, na waliokuja kunyolewa walionyeshwa punje na grafu pamoja.

"Siri iko kwenye kuchagua," aliwaambia. "Mwenye sikio la mchele hapati wali mfupi."

Mtihani wa hisabati ulipangwa Jumamosi, saa nane kamili, katika shule iliyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Bila hisabati hakuna cheti, na mtihani huo huja mara moja kwa mwaka. Bi Mkaguzi alimwambia mumewe Jumatatu. Akamwambia tena Jumatano. Ijumaa alimwandikia na kuibandika karatasi juu ya kioo cha kunyolea ndevu.

"Mke wangu, mimi si mtoto," alisema Mkaguzi. "Saa sita na robo nipo. Tena nitakuchagulia mchele wa mtihani."

Na kweli alimchagulia. Ulikuwa umekaa miezi kumi na minane, na punje aliyoiuma ililia kwa mlio ambao muuza duka aliusikia kutoka kwenye stuli yake. Mkaguzi aliufikisha nyumbani saa tatu asubuhi, akauweka mezani kama mtu anayeweka hati, akatoka.

Saa sita wali ulikuwa tayari. Bi Mkaguzi alikuwa amevaa gauni lake la bluu, na kwenye mkoba wake mlikuwa na kalamu mbili, rula na bikari. Saa sita na nusu punje zilichungulia chini ya kitambaa. Saa sita na dakika arobaini zilikuwa zimeshuka jiko zima na kufika sakafuni, jambo ambalo kwa mujibu wa grafu lilihitaji saa nne za kusubiri. Bi Mkaguzi aliona kwamba mstari umepinda. Alijua na sababu yake: vitone vyote vya zamani vilikuwa vya kusubiri chakula tu.

Saa saba binti aliingia jikoni amevaa sare, anakula mkate. Punje zilikuwa zimeshapita chini ya mlango wa mbele, na nyingine zimejisuka kwenye kizingiti kutoka upande hadi upande, kufikia magotini.

"Mama, bado uko hapa?"

"Namngoja baba yako afunue."

"Funua mwenyewe."

"Umesahau?"

Binti hakusahau. Mama yake alifunua mara moja, miaka kumi na mitatu nyuma, wakati mgeni alikuwa anawahi basi. Mkaguzi hakupiga kelele. Alikula, akanawa, na kwa siku tisa neno pekee alilolitamka nyumbani lilikuwa "chumvi". Siku hizo tisa wali ulibaki mbichi moyoni hata ulipopikwa mchana kutwa.

"Basi ruka uende. Atafunua akija."

Bi Mkaguzi alitazama kizingiti. Magoti yake hayakuwa ya kuruka.

"Chukua mkasi ukate."

Akachukua mkasi. Akainama, akashika punje tano hivi kwa pamoja. Zilikuwa vuguvugu, nyembamba, hazina hata ufa.

"Zote ni nzima," alisema.

"Mama!"

"Miaka thelathini na minane sijaandaa chenga kwenye nyumba hii."

"Na mtihani je? Mtihani ndio ukatike?"

"Wewe wahi zamu. Pita kwa kinyozi umwambie baba yako saa saba imefika."

Binti alisema neno ambalo wauguzi husema wakiwa peke yao, akaruka kizingiti, akaondoka.

Kwa kinyozi kulikuwa na watu wanne, mmoja amenyolewa nusu kichwa. Punje ya kwanza ilikuwa imeingia chini ya mlango dakika chache kabla, na kinyozi alikuwa anafagia nywele kwa kuizunguka. Mkaguzi alikuwa amepiga magoti mbele ya punje hiyo na utepe wa kupimia.

"Baba, mama anakusubiri. Mtihani ni saa nane."

"Najua, mwanangu. Nimeuchagua mimi mchele huo."

"Basi twende."

"Ngoja ifike pale kwenye mguu wa kiti. Ikifika pale ni hatua mia mbili na arobaini kutoka jikoni. Hakuna mtu aliyewahi kufikisha."

"Mkaguzi," alisema mwenye nusu kichwa, "mimi nikiitwa nyumbani huwa naitwa kwa mdomo. Wewe umefuatwa na chakula chenyewe."

"Hakikunifuata. Kimekuja kupimwa."

"Mzee, nenda," alisema kinyozi. "Nimechoka kufagia pembeni."

"Mama yako mwambie avute subira kidogo tu," Mkaguzi alimwambia binti yake. "Inazidi kwenda. Huoni inavyokwenda?"

Binti alisema yeye haendi nyumbani, anakwenda kazini, na kwamba wagonjwa wake wana akili zaidi. Mkaguzi alimsihi asiikanyage akitoka.

Punje iligusa mguu wa kiti saa saba na dakika kumi na saba. Waliokuwepo walipiga makofi, isipokuwa yule aliyekuwa chini ya wembe. Mkaguzi alikubali kwenda nyumbani, lakini punje ya namna ile haiachwi barabarani ikakanyagwa na baiskeli. Akaanza kuizungusha kwenye mkono, kutoka kiwiko hadi kiganja, kama anavyofanya mshonaji na uzi, huku akitembea. Akitembea haraka ingekatika. Kwa hiyo alitembea polepole. Jirani mmoja alimsalimu na kuuliza ni mchele gani, naye akasimama, kwa sababu jibu lilikuwa refu.

Saa nane kasorobo alifika. Bi Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma ya kizingiti, mkoba begani.

"Funua," alisema.

"Subiri kwanza nivue viatu."

"Funua na viatu!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumpigia kelele, na Mkaguzi alivua kimoja tu. Akapita kwa uangalifu, akaitua ile punje mezani akitangaza hatua mia mbili na arobaini, akanawa mikono, akakausha, akafunua. Mvuke ulipanda. Punje zote zililegea mara moja, zile za kizingitini zikaporomoka taratibu, na njia ikawa wazi. Mkaguzi alifumba macho juu ya sufuria.

"Harufu imepungua," alisema kwa masikitiko. "Mama watoto, leo tumechelewa kuufunua."

Mkewe alikuwa ameshafika kona ya barabara, ameshika pindo la gauni, anakimbia kwa namna wanavyokimbia watu waliokatazwa na daktari.

Alifika shuleni saa nane na dakika tisa. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa umefungwa. Nje yake, kwenye meza ndogo, aliketi msimamizi, mwanamke kijana mwenye kijaluba cha kalamu na rundo la fomu.

"Pole, mama. Tumefunga saa nane na dakika tano."

"Ilikuwa ni wali," alisema Bi Mkaguzi, akihema. "Mume wangu—"

"Ndiyo, mama." Msimamizi alimpa fomu. "Hapo kwenye sababu ya kutofika. Ugonjwa, msiba, usafiri, wali. Weka alama ya vema panapohusika. Wali ulifika hatua ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Andika hapo pembeni. Ukizidi mia unasajiliwa mwakani bila kuandika barua."

Kwenye benchi la ukutani walikuwa wameketi wanawake watatu wenye mikoba magotini. Walisogea, akapata nafasi. Aliyekuwa karibu naye, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alichungulia fomu yake.

"Mia mbili na arobaini! Huo si mchele wa kawaida."

"Anajua kuchagua," alisema Bi Mkaguzi. Kisha akajisikia alivyosema hivyo, akaifunika fomu kwa kiganja.

"Wangu alisema anakwenda kununua vocha," alisema mwanamke wa pili. "Nilipotoka ulikuwa umezunguka kisima."

"Mimi nilimwambia kabisa, bwana wee, leo ni hisabati," alisema wa tatu. "Akaniambia, hisabati ipi, si unajua kuhesabu?"

Hakuna aliyecheka sana. Kupitia mlangoni walisikia karatasi zinafunuliwa na mtu anakohoa, na Bi Mkaguzi alifikiri kwamba huenda swali la kwanza ni la grafu. Aliandika jina lake, si la mumewe, herufi zote zikiwa sawa. Akaweka alama ya vema penye wali, akairudisha fomu mezani.

"Bado saini ya mkuu wa kituo cha mtihani," alisema msimamizi. "Bila saini yake hamwezi kusajiliwa."

"Yuko ndani?"

"Amekwenda nyumbani mara moja, kula. Subirini hapo, hatakawia."

Wakasubiri. Mkuu wa kituo alirudi saa kumi kasorobo, ananukia wali, akazisaini fomu zote nne akiwa amesimama.