Seti Kumi na Mbili za Sulaimani

Natangaza rasmi, mbele ya wananchi wa Koboko, wa Arua na wa vijiji vyote vilivyo katikati, kwamba mimi, Taban, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niliteuliwa likizo hii kuwa Mpelelezi Mkuu wa Bwawa la Kuluba, mwenye mamlaka kamili ya kumshuku mtu yeyote wa umri wowote. Uteuzi ulifanyika nyuma ya banda la kuku. Aliyeniteua ni mimi. Waliohudhuria ni kuku.

Kesi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa nzito. Mjomba Hamdani ana bwawa huko Kuluba, ukubwa wake kama nusu ya uwanja wa mpira, na ndani yake anafuga karpi, samaki mnene mwenye vindevu vinne na mdomo wa kunyonya. Kila Jumapili wageni huja kutoka Koboko mjini na Arua, huvua kwa ndoana, na wakipata samaki hulipia na kwenda naye nyumbani. Sasa Jumapili mbili mfululizo fito kumi na mbili za kuvulia zilikuwa zimesimama ukingoni tangu asubuhi hadi alasiri, na hakutoka samaki hata mmoja.

"Bwawa iko tupu," alisema Mjomba jioni ya Jumapili ya pili. "Mtu amemaliza samaki yangu." Akageuza shingo polepole, akatazama kibanda cha Basile.

Basile ndiye mlinzi wa bwawa. Alivuka mpaka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, miaka minne iliyopita, yeye na mkewe Odile, na binti yao Stéphanie alizaliwa hapo hapo ukingoni. Nyuma ya kibanda wana shamba la maharage ambalo siku hizo lilikuwa limeanza kutoa maua. Mjomba alitoa hukumu mbele yetu sote: Jumapili ya tatu isipotoka karpi, Jumatatu Basile arudishe ufunguo wa kibanda na aondoke na familia yake. Maharage yabaki.

"Hamdani, miye hapana mwizi," Basile alisema. "Samaki iko. Minaona mapovu yake kila asubuhi."

"Povu hailiwi," Mjomba akajibu.

Ndipo nilipojiteua. Niliazima daftari la hesabu, nikaandika WATUHUMIWA juu ya ukurasa, nikapiga mstari chini kwa rula kama tulivyofundishwa.

Mtuhumiwa wa kwanza: kenge anayeota jua kwenye tuta la bwawa. Nilimhoji kwa macho. Alitoa ulimi, jambo ambalo kwetu bwenini huhesabiwa kuwa dharau kwa kiranja.

Mtuhumiwa wa pili: ndege mweusi mwenye shingo ndefu anayezama na kuibuka. Tatizo ni kwamba karpi wa Mjomba wanamzidi ndege huyo uzito.

Mtuhumiwa wa tatu: Mjomba mwenyewe. Kitambi.

Mtuhumiwa wa nne: Basile. Nilimwandika kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kumwandika kichwani.

Kulikuwa na mtuhumiwa wa tano, lakini penseli ilivunjika.

Nieleze kidogo jinsi karpi anavyovuliwa, maana bila hayo kesi haieleweki. Karpi ni samaki mwenye shaka kuliko shangazi wa bibi harusi. Hamezi kitu ovyo. Anakinyonya chakula, anakionja, na akihisi chuma anakitema. Kwa hiyo chambo hakichomekwi kwenye ndoana. Unaacha kipande cha uzi mwembamba kining'inie nyuma ya ndoana, sisi tunakiita unywele, na kwenye unywele huo unatunga punje mbili za mahindi yaliyochemshwa. Karpi ananyonya mahindi, ndoana inamfuata ndani bila kubisha hodi, na anapotaka kutema, ncha inamshika mdomo wa chini. Ndoana, unywele, uzi na chubwi lake la kuzamishia kwa pamoja ndiyo seti. Unywele ukiwa mfupi mno, samaki anagusa chuma mapema. Ukiwa mrefu mno, anakula mahindi na kwenda zake. Na ncha ikiwa butu, unywele wowote ni kazi bure.

Haya yote alinifundisha Basile, likizo ya mwaka jana, tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Yeye ana fundo lake. Anazungusha uzi mara saba kwenye shina la ndoana, anaulowesha kwa mate, anauvuta taratibu, kisha mkia wa uzi haukati kwa wembe. Anauchoma kwa kiberiti mpaka unabaki kitone cheusi kama kichwa cha siafu. Na kabla ya kumpa mgeni ndoana yoyote, huburuta ncha yake juu ya ukucha wa dole gumba. Ikikwaruza na kukwama, ni kali. Ikiteleza, anaitupa.

"Mutu anaamini macho," aliniambia siku ile. "Wewe amini kucha."

Kwa nini basi hakuzipima ndoana Jumapili ile ya kwanza? Kwa sababu ya Sulaimani.

Sulaimani ni mtoto wa Mjomba. Anauza simu Arua na anaishi Onduparaka, ambako watu wakiipenda timu yao wanaipenda kwa koo lote, na yeye hata salamu anaitoa kama mtu aliyefunga bao. Jumapili ile alifika na pakiti ya plastiki inayong'aa, yenye karatasi ya maandishi ya kigeni, na ndani yake seti kumi na mbili.

"Hizi zimefungwa Ulaya!" alitangaza. "Leo hakuna mtu wa kuvua na takataka ya hapa. Chukueni, chukueni!" Akagawa kwa wageni wote, bure, moja moja. Basile aliponyoosha mkono apime, Sulaimani akaurudisha nyuma. "Wee Basile, toa mkono. Kitu ya Ulaya inapimwa na ukucha?" Wageni walicheka. Jioni alizikusanya zote, akazirudisha kwenye pakiti kwa heshima kubwa, na Jumapili iliyofuata akazigawa tena. Na siku ile ilipoisha bila samaki, Mjomba akampiga Basile marufuku kugusa vifaa vya mgeni yeyote.

Jumatano nilikwenda Kuluba kufanya upelelezi. Nilikuta Mjomba amenitangulia. Alikuwa amesimama kwenye jiko la Odile, na bila kuomba ruhusa alifunua kifuniko cha sufuria. Mvuke ukampanda usoni. Akainama, akanusa, akachota kwa kijiko.

Maharage.

Odile alikuwa amempakata Stéphanie. Alisubiri Mjomba arudishe kifuniko, kisha akakisogeza mwenyewe kidogo, kikae sawasawa.

"Mama Stéphanie," nilimwamkia, nikiwa na daftari langu kwapani, "habari ya hapa?"

"Nzuri, mwanangu. Umekula?"

Akanipakulia bakuli. Nililila hilo bakuli lote, daftari nikiwa nimelikalia. Sikuandika chochote siku hiyo.

Ijumaa na Jumamosi nilijifungia chumbani Koboko nikafunga seti mpya kumi na mbili, nzuri, kali, kila unywele ukiwa na urefu wa ukucha. Sababu zangu zilikuwa za kiofisi. Mpango ulikuwa kuzibadilisha na zile za pakiti kabla wageni hawajaanza kuvua.

Jumapili ya tatu Sulaimani alishuka kwenye pikipiki, begi begani. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, kaka. Lete begi nikubebee."

Alisimama. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Umesema nini?"

"Nimesema shikamoo."

"Taban. Tangu uzaliwe hujawahi kuniamkia. Mwaka jana uliniwekea chura kwenye kofia. Leo shikamoo, na begi?" Akalikumbatia begi kifuani. "Unataka nini kwenye begi yangu?"

"Heshima tu, kaka. Shuleni wanatufundisha."

"Shule yenu nayo naishuku."

Hakuliachia begi hata alipokwenda msalani. Seti kumi na mbili za pakiti zikagawiwa, zangu zikabaki mfukoni zikinichoma paja, na huo si mfano, maana moja ilikuwa imetoka kwenye karatasi yake.

Saa mbili, tatu, nne. Mapovu yalipanda kila mahali bwawani, yale madogo madogo ya karpi anayefukua tope. Ncha ya ufito ilitikisika, mtu akaruka, akavuta: punje za mahindi tu. Ufito wa pili. Wa tano. Wageni walianza kutazamana. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mlinzi ameliroga bwawa. Mwingine akasogeza kiti chake mbali na kibanda. Odile alikuwa ameanza kukunja nguo za mtoto na kuziweka kwenye beseni, na Stéphanie alikuwa anazitoa, moja moja, akidhani ni mchezo.

Saa saba Mjomba alisimama. "Basta. Basile, kesho lete ufunguo."

"Sawa, Hamdani." Basile alivua kofia. "Kitu moja tu. Acha nishike ndoana moja. Moja. Kesho miye hapana tena mutu ya hapa, itakusumbua nini?"

Mjomba akaondoa mguu njiani kumpisha.

Basile alichukua ufito wa karibu, wa Sulaimani mwenyewe. Aliibeba ndoana kama mtu anayebeba yai, akaburuta ncha yake juu ya ukucha wa dole gumba. Ikateleza. Akaburuta tena. Ikateleza. Akaenda kwenye ufito wa pili, wa tatu, akazunguka bwawa lote, na watu wote wakimfuata kwa macho. Zote kumi na mbili ziliteleza.

"Mutu amezisugua na tupa," alisema. "Ncha hakuna. Samaki iko. Anakula, anatema, anacheka."

Macho yote yakahamia kwa Sulaimani.

"Wewe!" Mjomba alinguruma. "Pakiti ni yako! Unataka kuua bwawa ya baba yako?"

"Haki ya Mungu, baba! Miye nimenunua... zimefungwa..." Akanitazama. Nikatazama mawingu. Nilijua hawezi kumaliza sentensi hiyo, kwa sababu mwisho wake ungemlazimu kusema kwamba Ulaya hawakufunga hata moja. Aliimeza aibu yake, na wageni wakaanza kumnyooshea vidole yeye badala ya Basile.

Basile hakunyoosha kidole. Alikuwa bado ameshika seti ya mwisho, anatazama fundo. Mizunguko saba. Kitone cheusi kwenye mkia wa uzi. Alikitazama muda mrefu, kisha akaja mpaka niliposimama, akaiweka ile seti juu ya daftari langu.

"Mupelelezi," aliniambia, taratibu kabisa, "unaandika jina ya watu. Andika hii moja. Miye naogopa nitakosea herufi."

Penseli, kwa bahati mbaya, siku hiyo ilikuwa nzima.

"Mjomba," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama unywele, "Sulaimani alinipa ndoana nizifunge, akaniambia niseme ni za Ulaya. Nilizifunga mimi. Nilichukua tupa kwenye sanduku lako la vifaa, nikazisugua zote. Nilitaka akose samaki yeye peke yake, mbele ya watu, tucheke. Sikujua atazigawa. Na alipozigawa nilicheka zaidi." Nikatoa zile seti kali mfukoni, nikazishika kiganjani. "Hizi ndizo nzuri. Nilitaka kuzibadilisha leo bila mtu kujua."

Hakuna aliyezichukua. Odile alikuwa amesimama mlangoni na beseni.

"Na Jumatano," nilisema, sasa nikimwambia yeye, "Mjomba alipofunua sufuria yako, mama, nilikuwa najua. Nilikula maharage yako, na nilikuwa najua."