Umri wa Dale Ruckert

Ijumaa jioni, katika baa ya Kubiak, mtaa wa pili kutoka kiwanda cha karatasi, Stan Wojtala alivua meno yake ya bandia, akayafunga kwa karatasi ya kufutia mikono, akayatia mfuko wa shati, kisha akaanza kula samaki wa kukaanga kwa ufizi. Kabichi aliisukuma kando. Mhudumu alipopita alimwuliza, "Mzee, nikuletee supu badala yake?" Stan akasema hapana, samaki wa leo ni laini. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Kando yake alikaa Dale Ruckert, mwenye miaka arobaini na mitatu, akitafuna ganda gumu la mkate kwa meno yake yote. Uso wake ulikuwa mororo kama wa bwana harusi. Watu walikuja mezani mmoja mmoja, wakampiga Dale begani na kumwambia Jumapili wanamtegemea yeye. Stan walimpa heshima ya wazee, wakamsogezea chumvi.

Hakuna aliyeshangaa, maana mji mzima ulijua. Dale alikuwa kwotabeki wa Wakata Mbao, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, yaani ndiye aliyepokea mpira na kuurusha. Stan alikuwa senta wake, yule anayeinama mbele kabisa, akaupitisha mpira katikati ya miguu yake umfikie kwotabeki, halafu akayazuia majitu ya upande wa pili yasimvunje. Makwotabeki wengi siku hizi husimama mbali wakarushiwa mpira. Dale alifundishwa na baba yake mtindo wa zamani, wa kusimama nyuma ya senta na kumgusa, mikono chini ya makalio ya mwenzako, mpira ukapokewa mkono kwa mkono. Na kila alipoupokea, umri wake kidogo ulihamia kwa Stan. Mwanzoni zilikuwa mvi chache. Baadaye yakafuata magoti, macho, meno, na kusinzia mchana.

Ligi hutaka kila timu itangaze majeruhi wake kila wiki. Daktari wa timu alikuwa mkweli kadiri kazi yake ilivyomruhusu, na kila wiki alitangaza: Wojtala, goti. Goti kweli lilikuwa linauma. Redioni wataalamu walibishana asubuhi hadi jioni kuhusu kwotabeki mkongwe anaweza kucheza vizuri mpaka umri gani. Mmoja alisema siri ya Dale ni mboga za majani, mwingine akasema ni kulala mapema. Sisi tulisikiliza tukakaa kimya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na timu ilikuwa inashinda.

Kwa nini Stan hakuondolewa akawekwa mwingine? Walijaribu mara moja, mazoezini. Umri haukuhama kwa yule mwingine, na Dale akateguka bega. Isitoshe Stan alikuwa bado anajua pa kuegemea. Wapinzani, waliolelewa vizuri, walimsukuma kwa adabu, na adabu hiyo ilitosha Dale kurusha.

Karibu na Krismasi kwotabeki huwanunulia zawadi wanaomlinda. Ni desturi, na asiyeifuata huitwa mchoyo mpaka anastaafu. Mwaka ule Dale aliwapa wengine makoti ya ngozi. Nyumbani kwa Stan alipeleka mafundi wakafunga kiti cha umeme kinachopanda ngazi. Alisimama chini akitazama kiti kikimpandisha rafiki yake polepole, kikinguruma, mpaka kikamfikisha juu.

"Kizuri," Stan alisema kutoka huko. "Kina hata mkanda."

Carla, mke wa Stan, alimwita Dale jikoni, akammiminia kahawa.

"Asante kwa kiti, shemeji."

"Si kitu."

"Juzi mwalimu alimwuliza Hanna kama babu yake ndiye anayekuja kumchukua. Mtoto akajibu ndiyo. Eti hakutaka kubishana."

Dale aliangalia kahawa yake.

"Daktari anasema moyo wake ni wa mtu wa miaka themanini," Carla aliendelea. "Anasema msimu ukienda hivi mpaka mwisho, hawezi kuniahidi kwamba Stan ataiona theluji ikiyeyuka. Sikuombi uache kazi. Nakuomba usimame mbali naye, basi."

"Yeye ndiye amekutuma?"

"Stan? Humjui Stan? Angekufa kwanza."

Dale hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lieleweke. Masikio yake yaliwaka kwa aibu. "Nitasimama mbali, shemeji," alisema. "Haki ya Mungu." Na alikusudia hivyo.

Jumapili iliyofuata alisimama mbali. Umri ukakosa njia ya kupita, ukabaki kwa mwenyewe. Kufikia mapumziko alikuwa ameshika kiuno. Baadaye akawa anakunja macho kuwatafuta wenzake, na mpira aliourusha uliyumba hewani ukaanguka kama andazi lililolowa. Wakafungwa. Jumapili ya pili wakafungwa tena, na watu wakaanza kuzomea kabla ya kumaliza soseji zao. Stan hakurudi ujana, kwa kuwa umri uliokwisha kuhama hauna kurudi, lakini hakuzeeka zaidi. Kila asubuhi Carla alimtazama akimwona yuleyule wa jana, na furaha aliyoipata mwanamke yule siku hizo sijui niielezeje.

Kwa Kubiak maneno yalianza.

"Si arudi tu pale alipokuwa anasimama? Kwani Stan kalalamika?"

"Stan? Hajalalamika hata siku moja."

"Sasa nani analalamika?"

Carla aliingia kuchukua samaki wa kwenda nao nyumbani, wakanyamaza wote, wakampisha mbele ya foleni.

Mechi ya tatu ilichezwa theluji ikianguka. Wakifungwa, msimu umekwisha. Carla alikaa kwenye viti vya wake wa wachezaji, blanketi magotini, akiomba wafungwe. Aliomba kimya, maana mbele yake walikaa watu waliojipaka uso rangi za timu. Dakika za mwisho zilipofika Wakata Mbao walikuwa nyuma kwa pointi nne, na ombi lake lilikuwa linaelekea kujibiwa.

Uwanjani wachezaji walikusanyika duara. Dale alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Sogea," Stan alimwambia.

"Niko sawa."

"Sawa wapi, bwana? Unarusha kama unawamwagia kuku mahindi. Njoo hapa uweke mikono."

"Stan, nilimwahidi Carla."

"Carla hachezi. Miaka kumi na minne hukuyaogopa makalio yangu, leo yana nini?"

Wengine wakacheka, mvuke ukiwatoka vinywani. "Msikilize babu," mmoja akasema.

Watu wa mstari wa mbele wana sheria moja, nayo ni kwamba hakuna anayeomba kutoka. Anayeomba kutoka hatukanwi wala hachekwi. Anasalimiwa tu kama mgeni maisha yake yote. Stan angeweza kuinua mkono, wakaingiza mwingine, msimu ukaisha salama. Sidhani hata wazo lilimpitia. Na Dale angeweza kubaki alipokuwa. Lakini alikuwa ameubeba umri wake mwenyewe Jumapili tatu tu, na ulikuwa umemchosha vibaya. Alimtazama Stan, macho ya Stan yakitoka machozi ya baridi. Akasogea.

Carla alimwona akisogea. "Hapana," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, na mwanamke wa jirani akamwuliza kama ameangusha kitu.

Mpira ulipopokelewa mara ya kwanza, Dale alinyooka mgongo. Mara ya pili akaacha kukunja macho. Walisogea mbele, wakasogea tena, na kila Stan alipoinama alichukua muda zaidi kuufikia mpira chini, mwamuzi akimsubiri kwa heshima. Zikabaki sekunde za mrusho mmoja. Dale aliupokea, akarudi nyuma akikimbia kama kijana, akaurusha. Mpira uliipasua theluji ukaenda umenyooka moja kwa moja mpaka kona ya mbali kabisa ya eneo la kufungia, ukashuka mikononi mwa mwenzake bila yeye hata kupunguza mwendo, pointi sita.

Uwanja ulilipuka. Watu walikumbatiana na wasiowajua, wazee wakalia, bia zikamwagika juu ya mabega ya wenye nazo. Carla alikuwa amesimama kwenye kiti, mikono yote miwili juu, akipiga kelele, "Dale! Dale!" Aliisikia sauti yake mwenyewe baada ya wengine kuisikia. Akashusha mikono. Akashuka kwenye kiti, akakaa juu ya blanketi lililolowa.

Stan alibaki ameinama palepale alipoutolea mpira. Wenzake wawili walirudi, wakamshika makwapani, wakamnyoosha kidogo kidogo, wakamkung'uta theluji. Kisha mmoja akamwachia, kwa kuwa mtu mmoja alitosha.

Waandishi walimwuliza Dale atacheza mpaka lini. Alisema anajisikia vizuri na hajafikiria kuacha. Hakusema uongo. Alimtafuta Carla nje ili amwambie jambo, akamkuta anamfunga Stan mkanda wa gari, akasimama kidogo, akaenda zake.

Carla aliendesha polepole. Barabarani watu walikuwa wanapiga honi na kupunga bendera, nao walipolitambua gari walilipisha.

"Uliuona ule wa mwisho?" Stan aliuliza.

"Niliuona."

"Karusha vizuri, au siyo?"

Carla alingoja taa za barabarani zibadilike.

"Karusha vizuri," alisema.

"Jumapili tuko ugenini. Huko hakuna hata theluji." Stan akafumba macho.

Mbele ya nyumba alizima injini, akakaa akisikiliza kama anapumua. Alikuwa anapumua. Zamani Stan alikuwa na kilo mia na arobaini, na watu watatu hawakuweza kumwondoa mahali alipoamua kusimama. Carla alizunguka, akafungua mlango, akambeba peke yake mpaka ndani.